Ndege wa Mlimani Amepata Jina

Kaka mpendwa,

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo wako je, bado unakusumbua? Huku hatujambo. Karakana haina nafasi ya kuweka mguu, samani mtindo mmoja.

Kaka, siku ya kugawana urithi ulichukua shamba la bondeni na nyumba ya mjini, ukaniachia msitu wa mlimani, ukaniambia nishukuru. Sikubishana. Nilipokataa kuukata, uliwachekesha wenzako kwa habari za seremala mwenye miti yake anayenunua mbao za watu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mti wa kupandwa nikiukata, napanda mitatu, wa msituni nikiukata, ndiyo basi. Mwaka jana ukawaleta wapasuaji mbao wapime miti yangu na kuombewa kibali cha kuikata, kana kwamba nimeshakufa.

Sasa sikia. Yule binti mtafiti wa ndege niliyempa chumba nyuma ya karakana amemaliza kazi. Kile kijindege cha kifua cha njano, kinachoimba kama mtu anayepiga mluzi kwa hasira, amekilinganisha na ndugu zake wa misitu mingine. Mkia mfupi, kichwa cheusi zaidi, wimbo mwingine kabisa. Wataalamu wamekubali kuwa ni nususpishi ya peke yake, yaani tawi lake lenyewe ndani ya aina ile, na haiishi popote ila kwetu. Idara ya misitu imefuta kibali cha wapasuaji wako. Niliwaona wakishuka na misumeno yao. Nikawapungia mkono.

Kwa desturi ya watafiti, anayemweleza ndege mpya hampi jina lake mwenyewe, mara nyingi humpa la aliyemtunza. Nasikia umeshatangaza mjini kwamba ndege ana jina la baba, na umeshona suti. Suti vaa, kaka, ila jambo hili ulisikie kwangu. Binti aliniuliza nataka jina la ukoo au langu. Sikumeza hata mate: nilisema langu, lile la kuitiwa uji utotoni. Baba nampenda, Mungu amrehemu, lakini msitu ule yeye aliupigia hesabu kwa magunia ya mkaa.

Sherehe ya kutangaza jina ni Jumamosi asubuhi, mlimani. Kiti chako cha mstari wa mbele nimekichonga mwenyewe, chenye egemeo zuri. Ukifika usiulize ndege yuko wapi. Nyamaza tu, atajitaja.

Wifi msalimie sana, watoto wabusu.

Mimi mdogo wako,
mwenye msitu