Baba Njau na Nafasi ya Tatu

Kwa Mzee Gachau Njau, mpima ardhi, wa Membley, Ruiru.

Mwaka umetimia, Baba Njau, tangu ulipofumba macho pale hospitalini Thika, Ijumaa saa nne asubuhi, mkono mmoja ukiwa na sindano ya kusafishia damu na mwingine ukiwa umeshika ile mashine yako ya mchezo. Muuguzi alinikabidhi vitu vyako ndani ya mfuko wa karatasi: miwani, kofia ya sufu na mashine.

Wanao walitaka nikuandikie kama watu wanavyowaandikia marehemu wao gazetini, kwa maneno laini. Njau, kifungua mimba wetu, alikuwa amekwisha kuandika mstari wa kwanza: "Ulikuwa baba wa upendo kwa wote." Nikamwambia aniachie kalamu. Maneno laini utayapata, tena nitaanza nayo, kwa sababu nayo ni ya kweli.

Ulikuwa mtu wa kazi na hukuwahi kula hongo. Viwanja vya Kiuu, nyumba hizi za Membley, mashamba ya ng'ambo ya Thika, vyote uliviweka mipaka kwa miguu yako na kamba yako. Mjane akizozana na shemeji zake hukungoja uitwe mara ya pili. Ulikwenda na jembe, ukachimba hadi ukakipata kigingi cha zamani, ukasimama kando yake mpaka kila mtu akione. Siku tuliyokuzika kule Gatundu wajane wale walikuja, wakalia. Nami nililia.

Ulivaa sweta hata Januari. Kanisani uliimba besi bila kujua maneno. Ulipenda ndengu kiasi cha kumwangalia mgeni vibaya akiongeza.

Na ulikuwa na mchezo wako. Mteja mmoja aliyekuwa akihamia ng'ambo alikuachia mashine ya kuchezea ya kushika mkononi, ya kijivu, nzito kama kipande cha sabuni ya mche, inayokula betri nne. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu: mtu mwenye taa anashuka visima saba kuyatafuta maji ya kijiji chake yaliyoibwa. Uliumaliza mwaka huo huo, ukaurudia, ukaendelea kuurudia karibu miaka thelathini. Ulichora ramani zake kwa penseli kwenye daftari la miraba, zikiwa na vipimo na alama ya kaskazini, vile vile ulivyochora ploti za watu.

Ukiuwasha unakuonyesha nafasi tatu. Kila nafasi inataka jina la yule mwenye taa, herufi tano, haikubali zaidi. Gachau lina sita. Ukasema si kitu, una watoto watatu. NJAU. TABBY. BEDAN. Kila mtoto ulimchezea mchezo mzima tangu mwanzo hadi kisima cha saba, ukaliacha jina lake pale likiwa na matone yote kumi na mawili ya maji. Nilikutania kwamba wanaume wenzako wanajengea watoto wao nyumba. Lakini watoto walijua maana yake. Wakitoka shule waliiwasha, wakayaona majina yao, wakaizima.

Kwa hivyo ukapata pa kuwachapia bila kiboko. Tabby alipopata D ya hesabu kidato cha pili hukumkemea. Ulimwita mezani, ukamwonyesha jina lake, ukalifuta. Alilia wiki tatu, na wiki tatu ndizo zilizokuchukua kumchezea upya. Jina liliporudi akajua amesamehewa. Wakati ule niliona ni busara ya mzazi, na leo naona aibu kukiri hivyo mbele ya watu.

Kisha Bedan, mwana wetu wa mwisho, akamleta Syombua, binti ya Mzee Kimeu, Mkamba wa upande wa Yatta. Msichana wa kanisa, mchapakazi, hana makuu. Ulimwuliza kwao ni wapi, alipojibu ukainuka mezani. Wakamba ulikuwa umewapimia mashamba miaka yote na kula kwao ukashiba, lakini mezani kwako hukumtaka. Siku ya kupeleka mahari ulivua viatu mlangoni ukasema mgongo unauma. Bedan akaenda na mjomba wake. Jumapili iliyofuata, baada ya chai, ulituita sote, Syombua akiwa bado na kikombe mkononi, ukamfuta Bedan. Mashine ilikuuliza mara mbili kama una hakika. Mimi hukuniuliza hata mara moja.

Ikapita miaka minane. Syombua akazaa msichana, wakampa jina langu, Ngendo, kama mila inavyotaka, ingawa hakuna aliyewadai. Wewe ulimbeba mara moja, siku ya ubatizo, kwa sababu ya picha.

Figo zako zilipokataa, Njau alikuwa na kazi na Tabby alikuwa na watoto. Bedan ndiye aliyefunga kibanda chake cha nafaka pale Githurai 45 kila Jumanne na Ijumaa, miezi kumi na minne, akakupeleka Thika kusafishwa damu. Lifti ikiharibika alikubeba ngazini. Ndengu ulizokuwa ukila zilitoka shambani kwa Mzee Kimeu, na ulijua. Alikaa kando ya kitanda chako saa nne nzima kila mara, nawe ukicheza na mashine umeiegemeza tumboni, ukiigeuza asikione kioo.

Mwezi mmoja kabla ya kutuacha alikuuliza. Nilikuwepo.

"Mzee, na mimi je?"

"Nimekurudisha," ukamwambia. "Mtaona nikienda."

Bedan alitoka akawanunulia wauguzi wote soda. Wiki ile alimsimulia kila mtu pale sokoni, hata wasiokujua. Ulipokufa alisema hana haraka ya kuona, neno la mzee linamtosha, tuiwashe sote pamoja siku ya mwaka.

Mimi sikungoja. Siku ya tatu baada ya mazishi niliiwasha peke yangu. NJAU. TABBY. BOSKO.

Kwa wasomaji wasiomjua, Bosko alikuwa mbwa. Mbwa wa kahawia, mla viatu, aliyekufa miaka mingi iliyopita, baada ya kuwatafunia viatu wageni wetu wote wa Krismasi. Ulikuwa umemchezea mchezo mzima, kisima kwa kisima, matone yote kumi na mawili. Sijui kama ulifanya hivyo mwaka ule ule uliomfuta Bedan, au palepale kitandani, yeye akikushikia glasi ya maji. Sitaki kujua.

Nilikutukana, Baba Njau. Nilikutukana kwa Kikuyu, nikiwa bado na nguo nyeusi.

Miezi miwili baadaye Syombua akapata mimba, na Bedan akaja kuniambia uamuzi wao. Mtoto akiwa mvulana atapewa jina la babu yake, kama ipasavyo, lakini kwanza jina la Bedan lionekane kwenye mashine. Nilielewa uzito wake. Njau ana mabinti wawili. Mvulana wa Tabby ana jina la kwa kina mumewe. Gachau alikuwa hajazaliwa bado. Mtu ambaye jina lake halizaliwi amekufa kweli, na mimi, pamoja na matusi yote yale, sikutaka ufe kweli.

Nikamfuta Bosko. Nikaandika BEDAN.

Nilianza kuucheza mchezo niliokuwa nikiucheka miaka yote, nikiwa na umri wa miaka sitini na sita. Kioo chake hakina taa, kinataka jua, basi nikawa nakaa dirishani kila alasiri, miwani puani, daftari lako magotini. Ramani zako zilikuwa na kila njia na kila mlango. Hazikuwa na adui hata mmoja. Nge wa kisima cha pili walinitesa wiki nzima. Nilitumbukia, nilichomwa, nilizimikiwa na taa gizani. Akina mama wa chama cha kanisa walinikosa Jumatano zote, nikawadanganya ni presha. Ikafika mahali nikaanza kuelewa ulichokuwa ukikipenda humo, na hilo lilinikasirisha kuliko nge.

Kando ya kila jina pana msalaba mdogo na namba. Njau na Tabby walikuwa na sifuri. Namba ya Bedan ilipanda kila siku: kumi, arobaini, mia. Mimi mtu wa kanisa, nikiona msalaba najua ni jambo jema. Nilidhani ni maksi za bidii. Nikasema moyoni kwamba mwanangu leo amewapita wenzake. Nilimaliza kisima cha saba namba ikiwa mia mbili na kumi na nne, nikairudisha mashine kabatini nikijisifu.

Juzi Jumamosi, baada ya maombi yako, tulikaa sebuleni. Syombua alikuwa na mvulana wa wiki tano ambaye bado aliitwa "mtoto" tu. Alikuwa amemfunika blanketi jeupe, kona moja ameshona kwa uzi wa buluu: GACHAU. Kona hiyo alikuwa ameikunja ndani, isionekane kabla ya wakati wake. Njau akatia betri. Sote tukainama.

NJAU. TABBY. BEDAN.

Tabby akaanza kulia. "Si niliwaambia?" Njau akasema. "Mzee alikuwa tu na kichwa ngumu." Syombua akaikunjua ile kona ya blanketi. Bedan alikiinamisha kioo kwenye mwanga, akakitazama kwa muda, kisha akakusanya vikombe akanifuata jikoni.

"Mum, hiyo msalaba unajua ni ya nini?"

"Maksi."

"Ni ya kuhesabu kufa. Kila ukikufa inaongeza moja." Akaweka vikombe kwa sinki. "Mzee hakuwai kufa kwa hiyo gemu. Hata mara moja. Unakumbuka vile alikuwa anajigamba? Sasa hiyo ni mia mbili na kumi na nne. Hiyo si mzee, Mum. Hiyo ni wewe."

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, nami nikacheka, kwa aibu na kwa uchovu wa miezi yote ile. Kisha akaacha.

"Kwa hivyo sikuwa hapo."

"Hukuwa."

"Kulikuwa na nani?"

Hapo ndipo ningekuokoa, Baba Njau. Ningesema nafasi ilikuwa tupu. Tupu mtu anaweza kuisamehe: mzee alikuwa mgonjwa, alikusudia, siku zikamwishia. Mtoto wa sebuleni angekuwa Gachau, nawe ungekuwa ukitembea tena humu Membley kwa miguu mipya. Nilikuwa na uongo huo mdomoni. Lakini nilimwangalia mabega, yale aliyokubebea ngazini, na nikashindwa kumdanganya mara ya pili.

"Bosko," nikasema.

Bedan akafungua mfereji. Akaosha vikombe vyote tisa, akavifuta kimoja kimoja, akavipanga. Halafu akarudi sebuleni, akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake.

"Anaitwa Kimeu," akasema.

"Lakini tulisema Gachau," Syombua akamwambia. "Haki Bedan, tulisema. Hata nimeshashona."

"Kimeu. Ya babako."

Njau akaanza kufoka mambo ya mila, Tabby akamwambia anyamaze kwa sababu hajui anachokitetea. Bedan akawaeleza, kwa maneno machache, wala hakukutukana. Syombua akaomba makasi. Alikaa pale kwenye kiti chako, akaanza kufumua herufi moja moja, machozi yakidondoka kwenye blanketi. Nataka ulijue hili kuliko yote niliyoandika: katika nyumba yako mwenyewe, aliyelilia jina lako siku ile ni yule uliyemkataa. Wengine tulikauka macho.

Utauliza kama najuta. Najuta kwa ajili ya Syombua na blanketi lake. Kwa ajili yako, sijui. Bado nalala upande wangu wa kitanda. Bado nakupenda, na ninakasirika kwamba bado. Lakini nilikufa mara mia mbili na kumi na nne kulirudisha jina la mwanao, nami hata sikujua kwamba ninakufa. Wewe uliyejua kila njia na kila mlango hukutaka kufa hata mara moja kwa ajili yake.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, Ngendo. Wanao Njau, Tabby na Bedan. Mkwe wako Kiama. Wakamwana wako Mumbi na Syombua. Na wajukuu wako wote, wakubwa kwa wadogo, hadi huyu wa mwisho wa wiki tano, mvulana wa kwanza wa Bedan.

Anaitwa Kimeu. Lina herufi tano, linatosha.

Hatuna namna ya kukusahau.