Swali la Shangazi Koku

Jumamosi, Ijuganyondo

Kumbe picha yangu ilifika kijijini Ngenge kabla yangu. Mtu mmoja anayeuza sarafu za mtandaoni aliwaonyesha kwenye simu akina mama wa kikundi cha wakulima wa kahawa cha shangazi Koku, akawaambia, "Huyu ni binti yenu, daktari wa uchumi. Amezichunguza, amezikubali."

Sijakubali sarafu yoyote. Utafiti wangu unaeleza tu jinsi watu wanavyokopeshana mtandaoni bila benki.

Leo nilikwenda kuwaambia hivyo. Niliongea karibu nusu saa, na nilijisikia mwenyewe kwamba nafundisha darasa la chuo. Akina mama walinisikiliza kwa heshima.

Kisha shangazi akauliza kwa upole wa Kihaya, "Waitu mwanangu, wewe mwenyewe umeweka hela yako humo?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, shangazi."

"Basi na hela ya kahawa yetu haiendi."

Wenzake wakaitikia, kikao kikaishia hapo. Miaka yote ya mikutano na maprofesa, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Ningelala kwa amani, lakini mama Adela, jirani yake shangazi, alikuwa ameshamlipa muuzaji yule. Alinisindikiza hadi barabarani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Niliona sura yako, nikajua ni mtu wetu."

Nimeahirisha safari ya kurudi Dar. Jumatatu nakwenda naye polisi Muleba kumshtaki muuzaji, na nitaandikisha maelezo kwa jina langu kamili.