Maneno Tuliyoyaruka

Jumatatu, 4 Oktoba 1965

Nimeipata! Padri ameniazima kamusi yake ya Kiingereza. Kuukuu, haina jalada, inanuka nta ya mishumaa. Lakini kila neno limeandikiwa asili yake, na yaliyotoka Kilatini yana herufi L. Nimefungua ukurasa wowote tu — L, L, L!

Basi Ntwari atapita. Sina wasiwasi hata chembe. Alikuwa seminari kwao Rwanda kabla ya kukimbia, na Kilatini anakisema kama sisi tunavyosema Kihangaza. Kiingereza ndicho hana. Na mwalimu wa darasa la tano anayetakiwa hapa shuleni kwetu Bukiriro lazima awe nacho. Afisa Elimu anakuja kumpima mwenyewe, tarehe 21. Akipita, anabaki. Akishindwa, anapanda lori na wakimbizi wengine wasio na kazi, wanapelekwa makazi mapya huko kusini. Mbali! Hata barua sijui zitafikaje.

Hashindwi. Mwalimu wake ni mimi.

Mwalimu mkuu, Idefonsi, amenicheka. Eti Kilatini ni cha kuzikia watu. Tutaona.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mambo yanakwenda! Leo nimempa neno refugee. Akalitazama, akatabasamu. Akasema hilo analijua tangu utoto, lipo kwenye litania ya Bikira Maria: Refugium peccatorum, kimbilio la wakosefu. Akasema alipokuwa mtoto aliliitikia tu, hakuwaza. Nikageuza ukurasa haraka.

Patience, agriculture, liberty — anayameza yote. Simwambii maana, ananiambia yeye!

Kuna mengine yana alama ya O.E. Nimesoma maelezo mwanzoni mwa kamusi: Kiingereza cha kale. Nikaangalia mawili matatu — ere, thither — sijapata kuyasikia mdomoni mwa mtu. Ya marehemu haya! Nimemwambia aruke yote yenye alama hiyo. Hatuna muda wa kufufua wafu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Baba alimkuta Ntwari bado yuko barazani na kamusi.

"Shikamoo, mzee Gervasi."

"Marahaba. Jua limezama, kijana."

Alipoondoka, Baba akaniuliza huyu mkimbizi anakuja kusoma au anakuja kukaa. Nikasema kusoma. Akasema Kiingereza kina maneno mengi kweli, mpaka ndizi za chakula zimepoa! Baba ni katekista, mwalimu wa dini, macho yake yamezoea kuona nani kasinzia wakati wa mahubiri. Hapitwi na kitu.

Jumapili, 17 Oktoba

Balaa.

Baada ya Misa nikajifanya Afisa. Nikamwuliza Ntwari kwa Kiingereza analala wapi. Hakuelewa. Asubuhi amekula nini? Hata hilo! Ana kiu? Akafikiri, akasema kwa heshima zote: I implore liquid. Ati anasihi kimiminika!

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ghafla kicheko kikakatika. Nikaichukua kamusi. Sleep — O.E. Eat — O.E. Bread, milk, house, child, water, wife. Yote! O.E., O.E., O.E.

"Mwarimu," akasema kwa lafudhi ya kwao, "si ulisema niruke?"

Ameruka kweli! Kila neno la nyumbani ameliruka. Ana Kiingereza cha askofu, cha kuombea maji hana. Na mimi maneno hayo nayasema kila siku, sikuwahi hata kufikiri yana umri.

Nimelia kidogo — kwa hasira tu. Nimekwisha. Kuanzia kesho tunasomea jikoni.

Jumanne, 19 Oktoba

Jikoni hakuna L. Fire, water, salt, knife, ash. Anashika kitu, anakitaja. Moto alikaribia kuushika pia! Mikono imejaa masizi, na maneno yanaingia. Ni mafupi, yanakaa. Alipika maharage mwenyewe huku akiyasimulia kwa Kiingereza. Yaliungua. Tuliyala hivyo hivyo.

Tulipofika neno wife hapakuwa na kitu cha kushika. Akaangalia sufuria. Na mimi nikaangalia sufuria.

Nampenda. Basi, nimeandika. Mwalimu wa darasa la tano atapatikana tu, hata mwaka ujao. Mimi simfundishi kwa ajili ya darasa la tano. Sitaki apande lile lori.

Alhamisi, 21 Oktoba

Naandika hapa hapa nje, chini ya dirisha la darasa la tano. Baba amekaa kando yangu. Yeye ni mjumbe wa kamati ya shule, ila Kiingereza hajui hata neno, kwa hiyo namtafsiria.

Afisa ni mzungu mzee, mpole kuliko nilivyodhani. Ameuliza analala wapi. Amejibu! Anakula nini. Amejibu — mpaka na maharage yaliyoungua! Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha Afisa akauliza kama ana mke, maana nyumba ya mwalimu hupewa mwenye familia. Wife. Nikafumba macho. Nikahesabu mpaka kumi, bado. Nikajua limempotea.

Halikumpotea. Nimesikia benchi likisogea, akasimama, akarudi kwenye maneno yake makubwa: I have the intention of matrimony. With Miss Francisca. If her father consents. Yaani ana nia ya kunioa mimi, Baba akikubali!

Baba hakuniomba tafsiri. Ameandaa wachumba wangapi kwa ndoa mzee huyu!

"Matrimonium," akasema polepole. Kisha akaniuliza, "Hana mjomba wa kuja kumsemea posa? Hata binamu?"

"Hana, Baba. Wamekufa wote."

"Na wewe?"

"Mimi nataka." Sauti haikutetemeka.

Afisa anaandika kitu. Siwezi kuona. Barabarani lori limefika, watu wanapakia mikeka.

Baba amesimama. Amevua kofia. Anapiga hodi — hakungoja kukaribishwa, ameingia! Namsikia. Anasema Kiswahili, neno moja moja, ili mzungu amwelewe:

"Bwana, kijana huyu hana mtu wa kumsemea. Leo nitamsemea mimi."