Kasoro za Gari la Baba

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Gari ulilomnunulia baba bado linang'aa kama siku ulipolileta.

Uliagiza tuandike kila kasoro kabla dhamana haijaisha. Unamjua baba, akipewa daftari anajiona karani: tarehe, saa, mpaka jina la barabara. Usukani unatetemeka. Breki zinachelewa. Gari linavuta kushoto.

Jumatatu tulilipeleka gereji. Fundi aliliendesha kwanza mwenyewe, usukani ukatulia tuli. Akamwomba baba ashike yeye. Kabla hatujafika kona ya kwanza, fundi alikuwa ameacha kutazama barabara, anatazama mikono ya baba.

"Niachie mimi, mzee, nitalishughulikia," akasema. Kisha akanivuta pembeni. "Dada, gari ni zima. Mpeleke mzee hospitali."

Nikamdanganya baba kwamba usukani umerekebishwa. Alishukuru, akaenda kuketi upande wa abiria. Funguo hakuziulizia.

Jana dhamana iliisha, nikachukua daftari nilitupe. Chini ya kasoro zote ameandika, herufi zikipanda na kushuka: "Gari halina tatizo. Mwanangu asiambiwe, ataona alinunua bure."

Hospitali tunakwenda Alhamisi. Hajui kwamba nimekuandikia. Ukija, daftari usilitaje. Mwambie tu una hamu ya kuliendesha gari mwenyewe, naye akae pembeni akuelekeze njia.

Ni mimi,
dada yako