Jina Langu Kwenye Mali ya Watu

Jumanne, 4 Julai 1961
Chuoni asubuhi. Watoto wamesoma Kurani vibaya, nami nimefundisha vibaya. Mawazo yote kwenye barua ya kampuni ya mabasi. Gawio la mwaka, faida ya hisa zetu, limekuja pungufu, kodi ya mapato imeshakatwa. Wanawake sita wa hapa Mjambere, wauza mahamri na wasuka mikeka, wakatwa sawa na wenye majumba! Hata chai sikuimaliza.

Jumatano, 5 Julai
Nimevuka daraja hadi ofisi ya kodi kisiwani. Karani mpole, mtu wa Kibokoni. Kasema mwenye kipato kidogo hurudishiwa kodi akiomba. Nikafurahi. Kisha akazitazama hati. Hisa zote zina jina moja, langu. Kwa serikali mimi ndiye mwenye nazo, na mtu huyo si maskini.

Kosa langu. Miaka minne iliyopita wanawake hao walinipa akiba zao ziwe amana, kama mama zao walivyompa marehemu baba dhahabu zao. Hakuna aliyetaka jina lake lifike ofisini. Nikanunua hisa, zao pamoja na zangu tatu, nikatia saini peke yangu. Niliona fahari, nakiri.

Ijumaa, 7 Julai
Dawa ni moja. Niape mbele ya hakimu kuwa hisa, ila zile tatu, si zangu, kila mtu aandikiwe zake. Lakini nilipozinunua niliandika kuwa zote ni zangu. Karani kanionya, huenda nikashtakiwa kwa uongo. Maalim kizimbani! Katika swala ya Ijumaa sikujua nasoma nini.

Jumatatu, 10 Julai
Nimewaita wanawake nyumbani, nikawaeleza. Watano wamekubali. Bi Mwanakombo, mkubwa wao, amewaka.

"Jina langu likifika serikalini, wanangu watajua nina kitu. Watakila chote. Au ushakula wewe, Maalim, ndiyo wataka kutugawia makaratasi?"

Yaani mwizi. Majirani wamesikia. Nimeumia sana.

Alhamisi, 13 Julai
Mwenye duka la unga kaitikia salamu yangu shingo upande. Naweza kunyamaza tu. Kodi iendelee kukatwa, heshima yangu ibaki. Lakini nikifa? Wanangu watarithi mali ya watu, na hati zitawaunga mkono. 

Ijumaa, 14 Julai
Nimekwenda kwa Bi Mwanakombo, nikamwambia hilo la kufa.  Kaomba wino, akatia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali bila kunitazama.

Jumanne, 18 Julai
Nimeapa.  Hakimu kanikaripia mbele ya watu kama mtoto asiyehifadhi sura yake, halafu akagonga muhuri. Hakunishtaki. Alhamdulillahi. Kanzu imelowa jasho mgongo mzima. Barua sita za wanawake kuomba warudishiwe kodi nimezipeleka mwenyewe. Sasa kungoja, na kungoja sikuwezi.

Jumatano, 30 Agosti
Hati mpya zimefika, na kodi imerudi. Kwangu zimebaki hisa tatu, zangu kweli. Za wengine nimezipeleka nyumba kwa nyumba.

Alasiri Bi Mwanakombo amekuja. Hati yake kaifunga kwenye pindo la leso. Kaifungua, kaiweka juu ya mkeka mbele yangu.

"Niwekee, Maalim. Kwangu wanapekua sanduku."

Nimeitia kabatini, palepale ilipokuwa ile ya zamani. Jina ni lake. Amekunywa kahawa, tukazungumza habari za mvua, akaenda zake.