Sauti ya Mwanamume wa Barafuni

Mutomo, Jumamosi, Agosti 1993

Wiki nzima tulifanya mazoezi, mimi na Mwende. Filamu ya leo katika ukumbi wa kanisa ilihusu mwanamume na mwanamke wasiopatana, wanaolazimika kucheza densi pamoja juu ya barafu hadi wapendane. Tungeitafsiri papo hapo, kama mahubiri ya Jumapili: yeye mwanamke, mimi mwanamume. Baadaye ningemfungulia moyo wangu.

Nilipowasili na tai yangu, nilimkuta amesimama kando ya televisheni na Mutua, fundi wa jenereta.

"Mwalimu, usikasirike," Mwende alisema. "Kiswahili chako ni cha taarifa ya habari. Watu wamekuja kucheka. Sauti ya mwanamume ataifanya Mutua."

"Wewe hata ukianguka kwa barafu, utaanguka na sarufi!" Mutua akadakia. Naye Mwende akacheka. Mwende, ambaye jana tu aliisifu sauti yangu!

Niliketi nyuma, nikaapa kutotabasamu. Kisha mwanamume yule akamwangusha mwenzake, na Mutua akamwomba radhi kwa Kikamba cha sokoni, kama dalali anayeuza mbuzi kilema. Nilicheka kuliko wote ukumbini.

Hilo ndilo siwezi kuwasamehe.