Ordinateri Iliyookoka

Yaya Zawadi, dada yangu mkubwa,

Jambo sana toka Makobola, ambako joto la ziwa limenisahaulisha lile koti ulilonilazimisha kubeba. Kila mchana ni ndagala, vile visamaki vya ziwa, na ugali wa muhogo, na bado sijachoka.

Kati ya walimu ninaowafundisha ordinateri, hizi kompyuta, yumo Mama Feza. Miaka yote amewafundisha watoto ordinateri ya kuchora kwa chaki ubaoni. Ya kweli hakuwahi kuigusa. Jana niliwaambia waandike majina yao, kisha wafanye "sauvegarder," yaani waihifadhi kazi isipotee. Wakanikodolea macho. Nikasema, "Basi, okoeni kazi yenu!"

Mama Feza akauliza, "Mwalimu, hata ordinateri iko inaokoka?"

Wote wakacheka. Yeye akafumba macho, akaiombea ile mashini, kisha akabonyeza pale nilipomwonyesha. Wenzake wangali wanacheka, betri ya sola ikaisha, skrini zote zikazima.

Leo asubuhi tukawasha tena. Kazi za wenzake zilikuwa zimepotea. Yake ilikuwepo: MAMA FEZA MWALIMU.

"Yangu iliokoka!" akapiga vigelegele. "Muende kuita batoto!"

Watoto walipofika, alikuwa ameshafuta ule mchoro wa chaki. Akawapanga mstari, mmoja mmoja aje aguse.

Nisalimie Papa wetu hapo nyumbani, umwambie nimenenepa. Mungu awachunge. Na postikadi hii, Yaya, sina kopi yake. Iokoe weye.

Mdogo wako,
Baraka